Jioni Ipi

Kila mwaka, kabla ya mvua za vuli,
watu wa vipimo hushuka mwaloni Kirumba
na mawe yao ya shaba ndani ya sanduku lenye kitambaa.
Wanaweka kilo yao juu ya mizani yangu,
wanakodoa, wanagonga muhuri, wanaandika risiti.
Mwaka wa kumi na nne huu mimi ni karani wa mizani,
na niliamini maneno nayo yangefaa kugongwa muhuri:
"karibu" iwe hatua ngapi,
"kidogo" iwe vijiko vingapi,
"nakuja" iwe dakika.

Ndipo nikawachunguza Nyanzobe na Masatu.

Nyanzobe huanika dagaa kwenye jabali nyuma ya kibanda changu.
Masatu, mzaliwa wa Ukara, husomba magunia kwa guta.
Asubuhi wanapatana bei, kisha mmoja anasema,
"Jioni, basi."
"Jioni."
Wanaachana.

Kwa Nyanzobe jioni huanza saa kumi,
kivuli cha jabali kikifika mlangoni kwangu.
Kwa Masatu huo bado ni mchana, tena mchana mpevu;
jioni yake huja taa za wavuvi zikianza kuhesabika ziwani.

Saa kumi Nyanzobe hajashona hata gunia moja.
Anatazama barabarani, haoni guta, anashusha pumzi:
"Masatu ana subira, hanisukumi."
Saa moja usiku Masatu anafika,
magunia yamesimama mstari kama watoto wa shule:
"Mama huyu hajawahi kunichelewesha."

Hivyo miaka sita.
Kila mmoja akimsifu mwenzake kwa tabia
ambayo mwenzake hakuwa nayo.
Na nani aseme hawakuelewana?
Magunia yalifika stendi, pesa zilihesabiwa,
deni halikulala.

Nikashindwa kunyamaza. Mizani imeniharibu.
Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni:
SAA KUMI KAMILI.
Kesho yake Masatu akafika saa kumi kamili,
uzi wa Nyanzobe bado unatafuta tundu la sindano.
Wakatukanana, kwa maneno ambayo, hayo sasa,
wote wawili waliyaelewa sawasawa.

Nikafuta ubao kwa kiwiko.
Wakarudi kwenye jioni yao,
ila wakiitamka polepole,
kama mtu apitaye juu ya ubao
aliowahi kuuona ukipinda.

Mwezi wa nne shangazi Milembe alinipigia kutoka Bugando.
"Mama amepumzika."
Nalijua neno hilo. Tangu utotoni nalijua.
Nikasema, "Afadhali. Msimwamshe,
nitaleta uji saa sita."

Shangazi hakujibu.
Nikasikia toroli likipita kwenye korido, gurudumu moja linalia.
Nikasikia anavyovuta pumzi,
kama anayenyanyua gunia peke yake,
na neno lilelile, bila kuongezwa herufi,
likageuka mkononi mwangu.
Sijui ni nani aliyekigonga muhuri kimya kile.
Nilikielewa hadi gramu.

Tulimzika Kayenze, kwao, udongo ukiwa bado na mvua.
Niliporudi mjini nikakuta ujumbe kwenye simu,
namba ya Masatu, uandishi wa Nyanzobe
(yeye huandika "poleh", sijui kwa nini,
na hiyo herufi ya ziada ndiyo iliyoniliza).
Walisema watakuja kukaa nami jioni.

Sikuuliza ipi.
Saa tisa na nusu nikatandika mkeka,
nikajaza taa mafuta,
nikaketi.